Siku Nilipokujibu kwa Utani

Kondo, mtani wangu,

Nakuandikia kwa penseli, na mkono wangu ni mzito kwa kuwa tumeshusha saruji tangu asubuhi. Shule niliiacha darasa la tatu kule Tabora, basi utanivumilia. Ungekuwapo ungesema Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo, kalamu awaachie Wazaramo. Sema basi. Nakusikiliza.

Leo nataka kuliandika lile neno. Miezi saba sijalitamka hadharani. Hapa Temeke watu wanasema ulikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, pale msibani, maana tuliogopa askari, tuliogopa midomo ya majirani, tukamwonea huruma mama yako. Hukufa kwa homa, Kondo. Ulijiua.

Na siku tatu kabla yake uliniambia. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia bandarini, tunakula mihogo. Ukasema, "Mtani, mie nimechoka kuishi. Mwaka huu utanizika." Nikakujibu, "Kufa upesi, nirithi koti lako!" Wenzetu wakacheka mpaka wakapaliwa. Kwetu sisi watani hayo ni maneno ya kila siku. Wewe mwenyewe uliniahidi kucheza ngoma juu ya kaburi langu. Lakini siku ile hukunijibu. Mzaramo gani anatukanwa na Mnyamwezi akanyamaza? Niliona. Nikachukua kipande kingine cha muhogo.

Mazishini walinisubiri nikutanie, kama desturi inavyotaka. Nilishika jembe nikafukia kaburi, utani nikauacha.

Arobaini yako ilipopita nikaenda Buguruni kwa mama yako. Nikampigia magoti, nikamweleza yote, hata lile la koti. Nilitaka anifukuze. Alilia sana, kisha akasema, "Hukumuua wewe, baba. Hata mie nilimwona hali chakula, halali usiku, nikanyamaza. Nilidhani nikimuuliza nitamtia wazo. Siku nyingine ukimsikia mtu anasema vile, acha mzaha, muulize."

Sasa yuko Pius, Mngoni wa Songea, ninayekaa naye chumba kimoja. Mwezi uliopita ilimfikia barua kwamba mkewe amefariki katika uzazi. Akaanza kugawa vitu vyake: mkeka, sufuria, mpaka viatu. Wenzetu wakamtania, eti amekuwa sultani. Mimi nikamwita uani nikamuuliza, kwa mdomo huu huu, "Pius, unataka kujiua?" Nilidhani atanipiga. Akakaa chini. Akasema, "Ndiyo, kaka. Hakuna aliyeniuliza."

Sikuwa na dawa, Kondo. Sikumwambia ajikaze. Nilikaa naye pale chini, akasema, nikasikiliza, mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikamwomba ruhusa niwaambie wenzetu wawili, tukakubaliana asibaki peke yake: anakwenda kazini na mmoja wetu, anarudi na mmoja wetu. Jumapili nilimpeleka Ubungo kwa mjomba wake. Hospitali nako tulikwenda, na mganga alimsikiliza bila kumkemea.

Wapo wanaonisema, eti kulitaja jambo ni kuliita. Waseme. Wale wenzetu wawili nimewaambia ulivyokufa. Mmoja aliinuka akaenda zake, akarudi kesho yake, akachukua zamu yake kwa Pius. Wa pili alikaa palepale, akanieleza habari za kaka yake, habari ambazo hakuwahi kumwambia mtu. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, analia huku kashika bakuli la uji.

Pius bado hajapona. Siku nyingine anakula, siku nyingine anageukia ukuta. Kila nikirudi nikakuta mlango umefungwa natega sikio, mpaka nisikie kikohozi chake ndani. Nimechoka, sikufichi. Na nakukumbuka sana. Matusi ya watu wengine hayana ladha.

Pumzika, Kondo. Mungu akupokee kwa huruma zaidi kuliko nilivyokupokea mimi siku ile. Ahadi yangu ni hii: nikiulizwa habari zako, ile homa sitaitaja tena. Na kesho asubuhi, kabla hatujatoka kwenda bandarini, nitamuuliza Pius tena.

Mtani wako,
Ramadhani