Kioo cha Ekografi ya Muhuta

Kaka Ramazani,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na mpaka leo sijaweza kusogeza kiti chako pale kwenye karakana. Wateja nawakalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wengi hawaji tena. Wanafungua pazia, wananikuta mwanamke peke yangu mbele ya televisheni, wanauliza, "Fundi iko wapi?" Nikiwajibu kwamba fundi ni mimi, wanasema watarudi. Mwezi uliopita nilimwambia mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine. Nisamehe, nilikuwa nimechoka.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumanne.

Alikuja mkunga mmoja, Mama Goreti, wa zahanati moja kule Muhuta. Alishuka kwenye basi dogo akiwa amepakata kioo cha mashine ya ekografi, ile ya kumwona mtoto tumboni, kimefungwa kwa kitenge kama mgonjwa. Kilikuwa kimezima ghafla, na kwa wiki mbili wajawazito walikuwa wanapimwa kwa mikono tu. Alikuwa anakutafuta wewe. Nilipomwambia umefariki alitazama kiti chako, kisha akanikabidhi ule mzigo. "Basi angalia wewe."

Nilifanya ulivyonizoesha. Sikugusa skrubu kwanza. Nilikiwasha, nikafunga pazia, nikamulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Maandishi yalikuwepo, hafifu sana, yakiomba waya wa picha. Kwa hiyo picha ilikuwa nzima. Kilichokufa ni taa ya nyuma inayoiangazia.

Nilipofungua nikakuta kapasita mbili za kutunzia umeme zimevimba vichwa. Nikazibadilisha, nikafurahi mapema. Kioo kikawaka, nikahesabu moja, mbili, kikazima. Nikarudia. Moja, mbili, giza. Kaka, nililia pale pale mbele ya mgeni. Si kwa sababu ya kioo. Ni kwamba niligeuka kukuuliza.

Ndipo nikakumbuka siku ile nilipotaka kuipiga ngumi televisheni ya yule mama wa mgahawa. Ulinishika mkono ukasema, "Ikiwaka kisha ikazima, inakuambia kitu. Usiikasirikie." Inajilinda, ulinieleza, kuna taa moja imekatika ndani. Na kuzifikia taa ni lazima kuinua kioo chenyewe, chembamba kama ganda la yai. Kazi hiyo hukuwahi kuniachia peke yangu. Mimi nilishika upande wa kulia, wewe wa kushoto, ukasema "haya, pamoja," na wote wawili tukabana pumzi.

Nilimwambia Mama Goreti ukweli: kikipasuka hakuna la kufanya tena, na sijawahi kukiinua bila wewe.

"Inaomba mikono mingapi?" akauliza.

"Minne."

Akaenda kunawa kwenye jerikeni, akajifuta vizuri, akaja kusimama upande wa kushoto.

Tulikiinua. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kazi yake ni kupokea watoto. Tulikilaza juu ya kitenge chake. Chini, katika mstari wa taa, moja ilikuwa na doa jeusi. Nikatoa mstari mwingine kwenye ile televisheni iliyopasuka uliyonikataza kuitupa, nikaupima, nikaukata kwa urefu, nikauchomelea. Tukarudisha zile karatasi za plastiki za kusambaza mwanga, moja moja. Nilisahau moja, ikabidi tufungue tena. Jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo kilipowaka. Nikahesabu mpaka sitini, kikabaki kinawaka. Kona ya chini ina weupe tofauti kidogo. Wewe ungeiona mara moja, ungenikodolea macho.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe Muhuta kukifunga. Kitandani alikuwepo mama kijana ambaye tangu juzi alikuwa hajamsikia mtoto akicheza tumboni. Niliomba kutoka, yule mama akanishika mkono nibaki. Mama Goreti alipitisha kifaa tumboni polepole. Yule mama hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama uso wa mkunga.

"Mutoto iko?" akauliza.

"Iko," Mama Goreti akasema, akamgeuzia kioo. "Angalia moyo wake, hapa."

Kilikuwa kitu kidogo, Kaka, kinafumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua, hakichoki. Nimefungua vioo miaka tisa na wewe, na sikuwahi kujiuliza watu huwa wanaona nini humo tukishawarudishia.

Yule mama alinishukuru, murakoze, murakoze, akilia. Alipotulia akaniuliza ni nani alinifundisha kazi hii.

"Kaka yangu," nikamjibu. "Anatengeneza vioo pale sokoni Rumonge."

Nilisikia nilichosema, na sikujirekebisha.

Jana nilimwambia mwenye nyumba kwamba nabaki. Hakushangaa, alisema hata huyo mpangaji hakuwa amemtafuta.

Nakuaga sasa, Kaka yangu. Mungu akulaze mahali penye mwanga. Nakuahidi karakana haitafungwa, na kioo chochote kitakachoingia pale nitakisikiliza kwanza kabla ya kusema kimekufa. Nakuahidi pia nitajizoeza kuwaambia watu kwamba ulikuwa unatengeneza vioo. Nitajizoeza. Ila si wiki hii.

Mdogo wako,
Zaituni