Mkono Haujafika Sikioni

Kayanga,
24 Novemba 2024

Dada yangu Mukabera,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hagenimana na watoto wote. Mimi huku sijambo, ila mgongo unasumbua kidogo kwa ajili ya magunia, na mafua ya mvua hizi hayaniachi. Barua nampa Gaspari akishashusha ndizi zake sokoni, na jibu umpe yeye. Usinipigie kwa simu ya jirani yako Kahigi. Mara ya mwisho aliweka spika, nusu ya Kamuli ikatusikia tukigombana, halafu ukanikatia. Barua haikatwi.

Dada, neno langu ni moja. Kayitesi wangu ametimiza miaka mitano. Alizaliwa senene zikianguka, na juzi hapa Kayanga zimeanguka tena, watu wakajazana chini ya taa na ndoo zao. Shule zinaandikisha watoto wa awali sasa hivi, na umri wao ndio huo. Tangu mama yake afariki wewe ndiye mama yake, nami nashukuru. Lakini naomba umpeleke kabla hawajafunga kuandikisha.

Hujui ninachokiona huku. Kila asubuhi kabla hatujafungua duka, bosi wangu Gharib ananituma nimpeleke mjukuu wake Ikram shule kwa baiskeli. Ikram alianza akiwa na miaka mitatu. Mitatu, dada! Sasa ana minne, anahesabu kwa kuimba huku kanishika kiuno, na akikwama ananiuliza, "Mjomba Niyo, baada ya kumi na tisa?" Namjibu, huku namuwaza wangu. Nampeleka shule mtoto wa mtu, na wangu yuko kibanjani, kwenye migomba, anafukuza kuku. Inaniuma, sikufichi.

Msalimie Kayitesi.

Mdogo wako,
Niyonkuru


Kamuli,
6 Desemba 2024

Mdogo wangu Niyonkuru,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kitinda mimba wangu ameota meno ya juu na anamuuma kila anayempita. Pole kwa mgongo. Ukande kwa maji ya moto, uachane na yale mafuta wanayouza stendi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikairudia nikiwa nimesimama kwa hasira. Unaandika kana kwamba mtoto nimemfungia ndani. Nilimpima Kayitesi siku hiyohiyo. Nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Haufiki. Unaishia kwenye nywele. Nawe unajua kabisa, mtoto ambaye mkono haujafika sikioni hajaiva kwa shule. Sote tulipimwa hivyo. Ni mdogo wa mwili kama ulivyokuwa wewe. Nikimpeleka, mwalimu atamrudisha mbele za watu, na aibu itakuwa yangu mimi niliye hapa.

Halafu kuna njia. Kwenda shule ni kushuka bondeni, kuvuka kijito na kupanda tena. Ikram wako anapanda baiskeli. Na Kiswahili cha Kayitesi ni shikamoo na asante, mengine yote ni Kinyarwanda na Kinyambo. Atakaa huko kama kisiki. Tungoje mwaka mmoja tu, mkono utarefuka.

Amekuchorea kitu nyuma ya karatasi. Anasema ni wewe na baiskeli. Mimi naona mbuzi.

Dada yako,
Mukabera


Kayanga,
5 Januari 2025

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mgongo umepata nafuu, maji ya moto yamesaidia. Watoto hawajambo? Mchoro nimeubandika ukutani juu ya godoro langu. Ni baiskeli, dada, angalia vizuri.

Sasa nisamehe kwa sauti nitakayoitumia. Sikio! Sikio ndilo linalokwenda shule? Siku Ikram anaandikishwa nilikuwepo, nimemshika mkono. Waliuliza jina lake na kama anajua kwenda chooni mwenyewe. Basi. Hakuna aliyemgusa kichwa.

Wewe mikono yako ilikuwa mirefu, ukaanza mapema. Mimi kule kwetu Rugera nilirudishwa mwaka wa kwanza, nikarudishwa tena, na tena. Nilipokubaliwa nilikuwa nakaribia kuota ndevu. Walinikalisha dawati la mbele na vitoto vilivyokuwa vikiniita babu, magoti yangu yakigonga mbao. Nilipofika la tano aibu ilinitosha, nikaacha. Ndiyo maana leo nabeba magunia ya chumvi ya mtu mwingine. Hujaniuliza kama siku hizi mkono wangu unafika sikioni. Unafika vizuri sana.

Hebu sema ukweli, dada. Ukienda shambani, nani anashinda na kitinda mimba wako?

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Bado kuna muda.

Mdogo wako,
Niyonkuru


Kamuli,
26 Januari 2025

Niyonkuru,

Marahaba. Tu wazima. Nawe uwe mzima.

Umeuliza nani anashinda na mtoto. Kayitesi. Sijaficha, hukuwahi kuuliza. Shemeji yako anatoka asubuhi kwenda vibarua, mimi natoka na jembe, na maharage yakikomaa hayamngoji mtu amalize kubembeleza mtoto. Kwa Gharib kuna dada wa kazi wa kumwogesha Ikram, kuna mwingine jikoni, na kuna wewe na baiskeli. Ndiyo maana mama yake, huyo Rukaya unayemsifia, anaweza kumpeleka shule akiwa na miaka mitatu. Hapa kwangu dada wa kazi ni Kayitesi. Sina mwingine. Ukimpata, mlete kwenye gari la Gaspari juu ya majani ya migomba, nitampokea kwa vigelegele.

Na kwa kuwa umeanzisha habari za Rugera, nami nikukumbushe. Mikono yangu mirefu iliniingiza shule, kweli. Nani alinitoa? Ulizaliwa wewe. Mama alirudi shambani, nami nikatolewa darasa la nne nikufunge mgongoni. Mwandiko huu unaousoma ni wa darasa la nne, haujaongezeka herufi. Sijawahi kukusimanga kwa hilo hata siku moja. Lakini usinifundishe uchungu wa shule, naujua kabla yako.

Watoto wa awali wameanza. Siku ya kwanza walipita hapa na sare mpya. Kayitesi alisimama kando ya njia, mtoto mgongoni, akawatazama mpaka wakaishia bondeni. Usidhani sikuona.

Usiniandikie mpaka hasira ziniishe.

Dada yako,
Mukabera


Kayanga,
8 Juni 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hasira zimekwisha? Niliandika Machi, nikaandika baada ya Pasaka. Gaspari anasema unazipokea, unazifunga kwenye pindo la kitenge na kumuuliza bei ya ndizi. Natumaini ukimya ni wa hasira na si wa ugonjwa. Mimi sijambo.

Kuhusu kunibeba mgongoni, asante ndilo neno nililopaswa kuanza nalo tangu barua ya kwanza. Asante, dada.

Ila moyo haujatulia. Nimezungumza na Gharib. Amekubali Kayitesi aje akae nami kwenye kile chumba cha nyuma ya duka. Kuna shule ya serikali karibu, mwendo mfupi tu, na muhula wa pili unaanza Julai. Rukaya amesema atampa magauni yaliyombana Ikram, na kwa mwili wa Kayitesi yatamtosha. Hata njia ya bondeni haitakuwepo tena.

Nitakuja kumchukua Jumapili ya tarehe 22 na gari la Gaspari. Mwandae. Kuhusu kitinda mimba wako, najua nakuachia mzigo. Nivumilie.

Mdogo wako anayekupenda,
Niyonkuru


Kamuli,
29 Juni 2025

Niyonkuru,

Leo sikuulizi hali.

Jumapili ile nilimwogesha mtoto wako, nikampaka mafuta, nikamwazimia viatu kwa jirani yangu Restuta. Kutoka misani alikwenda moja kwa moja kukaa juu ya jiwe pale barabarani, kimfuko chake mapajani. Hakutaka hata kula, asije akachafua gauni. Gari la Gaspari likaja. Gaspari akatupungia mkono, akapita, peke yake. Kayitesi akasema baba amelala nyuma kwenye majani ya migomba, hajaonekana tu. Tulikaa pale mpaka mbuzi waliporudi.

Njiani akaniuliza, "Shangazi, baba ameambiwa mkono wangu haujafika?"

Tangu siku hiyo anajining'iniza. Anakwenda kwenye boriti ya banda la mbuzi, anaishika kwa mkono wa kulia peke yake, anakunja miguu. Anasema anaurefusha. Nimemkataza, nimemfokea, nikigeuka tu yuko juu. Juzi ameanguka, bega likavimba. Nimemkanda, analia usingizini.

Nani amemtia mtoto huyu haya mambo? Mimi niliyempima, au wewe uliyemwahidi? Nijibu hilo, mengine yote sitaki.

Mukabera


Kayanga,
6 Julai 2025

Dada,

Shikamoo, hata kama huitikii. Bega lake linaendeleaje? Tafadhali niambie hilo kwanza.

Jumamosi ile nilikuwa nimeshafunga mfuko. Rukaya, ambaye amejifungua mtoto wa pili juzijuzi, akanimiminia chai, akaniuliza, "Huyo binti yako ana nguvu ya kubeba mtoto mchanga?" Hakusema kwa ubaya. Rukaya si mtu mbaya, na wala hakujua ananichoma. Alifikiri Kayitesi akae nyumbani kwanza, asaidie na kichanga mpaka azoee mji, mambo ya shule yafuate. Ikram angeendelea kwenda na baiskeli.

Nikaona kumbe namtoa kubeba mtoto wako aje abebe wa Rukaya. Sikuweza kukataa, maana ndiyo kazi yangu na ndicho chumba changu, na sikuweza kuja na kumdanganya. Nikabaki nimekaa na mfuko. Kukueleza kwenye spika ya Kahigi nisingethubutu.

Umeuliza ni mimi au ni wewe. Nimefikiri wiki nzima na bado nina hasira, sijui hata nimkasirikie nani. Mwambie mkono wake hauna kosa lolote. Mwambie baba amesema asijining'inize.

Dada, Januari nakuomba umpeleke. Kwa mkono huohuo.

Mdogo wako,
Niyonkuru


Kamuli,
25 Januari 2026

Mdogo wangu Niyonkuru,

Hujambo? Sisi tu wazima. Bega lilipona siku nyingi, sema nilikuwa sijakusamehe vya kutosha kukuandikia. Mwalimu wa dini alituombea mvua tukapata nyingi mno, njia ya bondeni ni tope tupu.

Nimempeleka. Usiniandikie kwamba ulisema. Najua ulisema.

Kitinda mimba namfunga mwenyewe mgongoni nikilima. Amekuwa mzito kama gunia lako la chumvi, na akikasirika ananivuta nywele. Nusu ya maharage bado iko shambani inaoza. Shemeji yako ananung'unika, nimemwambia ambebe yeye, akatoka haraka kwenda vibarua. Kwa hiyo usifikiri kwamba tumepata njia. Hatujapata. Nimechoka tu kumwona mtoto kwenye ile boriti.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwalimu wa awali ni binti mdogo, mgeni wa huku, Kinyambo hajui hata salamu. Aliuliza umri, nikasema sita, akasema wenzake wako la kwanza. Nikasema ndiyo. Kwa udogo wake hakuna anayemtambua kuwa amewazidi umri, isipokuwa wale waliopita njiani mwaka jana, nao wanamcheka. Basi mwalimu akiwa bado anatafuta kalamu, Kayitesi akaniachia mkono. Akasimama wima mbele ya meza, akafumba macho, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akalishika sikio. Limeshikika, Niyonkuru. Kwa ncha za vidole, lakini limeshikika. Akabaki hivyohivyo anangoja.

Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi. Akasema, "Mama, mtoto anaumwa sikio?"

Mwaka mzima, mdogo wangu. Nilitamani ardhi ya darasa lile inimeze. Ningemwambia nini yule binti? Nikasema, "Lilikuwa linamsumbua, mwalimu. Limepona." Akasema pole, akamshika mkono uleule, akamwingiza ndani.

Anaendelea vizuri. Anahesabu mpaka kumi na tisa, halafu anakwama, anasema zinazofuata anazijua baba. Lakini kila asubuhi akifika mlangoni mwa darasa anasimama, anashika sikio kwanza, ndipo anaingia. Nimemwambia haina haja. Mwalimu naye amemwambia. Ananijibu, "Shangazi, wasije wakanirudisha."

Dada yako,
Mukabera