Vidole Viwili Visivyoota

Kutoka daftari langu la zamani. Thika, Alhamisi, Julai 1996.

Manyunyu tangu asubuhi, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa.

Tangu mwezi wa tano nimekuwa nikimtengeneza huyu mama wa majani, sanamu ya bustani. Wavu wa kuku, udongo, maganda ya kahawa, halafu miche ya nyasi fupi mwili mzima. Amekaa chini, miguu ameinyoosha, mikono iko mapajani. Karani wa bustani alitaka kitu cha kijani pale kwenye vumbi karibu na stesheni ya reli, watu wapate pa kupumzisha macho. Sikumwiga mtu. Mimi ni wa Ruiru; hapa namjua Akinyi tu, ninayefanya naye kazi.

Ameota vizuri kila mahali. Isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Nimevipanda mara nne. Leo nilichomoa miche iliyokauka nikaona mizizi imekatika sawasawa, kama kwa kisu. Akinyi aliitazama, akapangusa mikono kwenye aproni. "Mimi hiyo sishiki tena."

Na karani ameshasema: kesho wageni wanakuja kumwona. Akiwa na kasoro, ang'olewe, pamwagwe simiti.

Saa kumi hivi akapita mama mmoja wa mtaa wa Kiandutu, amebeba kuni. Akasimama. Akatua mzigo polepole.

"Nani alikuonyesha mama yangu?"

Nikamwambia sijawahi kumwona mama yake.

"Alikuwa anauza nduma hapa hapa, amekaa hivyo. Vidole alikatwa na mashine ya majani ya ng'ombe, kwetu Kalimoni. Ni miaka sita tangu tumzike."

Ngai! Niandike ukweli: nilitaka kuacha kila kitu hapo nikimbie nyumbani. Lakini yeye hakuogopa. Aliushika ule mkono mbovu na kuupapasa, na mimi nikaona aibu. Nikachukua plaisi, nikakata waya wa vile vidole viwili, nikapanda nyasi juu ya visiki, ionekane ndivyo alivyo.

"Sasa ako sawa," akasema. "Lakini mbona mmemgeuza uso kwa maofisi? Mama alikuwa anaangalia njia ya Kiandutu, atuone tukitoka shule. Mgeuzeni, tafadhali."

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Wanaume sita ndio walimteremsha kutoka kwenye lori lililomleta hapa, na walihema.

Tukajaribu tu, asiende na kinyongo. Wanawake watatu. Tukashika mabega, tukasukuma mara moja.

Akageuka.

Yule mama alijitwika kuni zake akashika njia, na kabla hajafika kona alisimama akapunga mkono. Si kwetu.

Akinyi anasema ardhi ilikuwa imelowa, ndiyo maana aliteleza. Labda. Lakini bega nilikuwa nimelishika mimi, na nilihisi uzito ukiondoka mikononi mwangu, kama mgonjwa anavyojiinua kidogo ukimsaidia kukaa.

Kesho karani ataniuliza nani amemgeuza. Nitasema ni sisi, hiyo sitaficha. Akiuliza tulikuwa wangapi, nitasema watatu, au wanne?