Mstari Mwekundu Ulipoishia

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha salama. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na mizigo ya hilo ghala? Na chumba chako bado kinavuja, au mwenye nyumba ameona haya akaziba? Sisi huku tunapumua, sifa kwa Mungu. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako naye anasema mjomba urudi mcheze mpira wa kwenye gemu, maana amechoka kunifunga mimi.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Mdogo wangu, simu siiamini tena, na utaona kwa nini.

Tangu wiki iliyopita nilitaka kukuuliza swali moja tu: mtu akitaka kufuta kitu kimoja kwenye ile mashine yako ya gemu, anafanyaje? Unakumbuka ulivyotufungia mitambo kabla hujaondoka. Kompyuta ukaiweka pembeni ya cherehani yangu, ukasema picha na sauti zitakaa humo, na mashine ya gemu sebuleni itazivuta kwa waifai na kuzitoa kwenye tivii. Ukaniambia kila nitakachorekodi kwenye simu kitaingia chenyewe, nisihangaike. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyeelewa. Mimi nilidhani unasema kwaya na mahubiri, na zile salamu za sauti unazomtumia Mama. Sikujua kila kitu ni kila kitu.

Mama yetu amekuwa bingwa wa mashine hiyo. Akimaliza kufagia anakaa kwenye kiti chake, anashika kile kidude cha kuchezea kwa mikono miwili kama anaendesha lori, anaitafuta kwaya yake. Mpwa wako anamtania kuwa bibi sasa aandikishwe mashindanoni. Na ule mstari mwekundu uliomwonyesha, unaoonyesha mtu aliishia wapi kusikiliza, anausifia kwa majirani wote. Anasema hata akisinzia katikati ya mahubiri, mashine inamtunzia mahali pake.

Basi nikawasha nitafute wimbo wa kushonea, nikaona juu kabisa kuna sauti isiyo na picha. Nikasoma tarehe yake. Ilikuwa siku niliyompeleka Mama hospitali. Daktari yule ni mpole lakini anaongea mbio, na shule yangu unaijua. Mama alipopelekwa chumba cha pili kutolewa damu, nilimwomba daktari ruhusa nimrekodi, ili nikayasikilize maneno yake taratibu nyumbani. Akakubali. Sasa maneno hayo yako sebuleni, katikati ya kwaya, na chini yake mstari mwekundu umefika karibu nusu. Kuna mtu ameyasikiliza.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Shemeji yako alikuja na soda bila kuombwa, nikajiambia huyu anajua, ananionea huruma. Kumbe amegonga taa ya gari la bosi wake, anatafuta wa kumtetea. Mpwa wako akawa kimya mezani, nikasema basi ni yeye. Kumbe jino. Nilijaribu kuifuta mwenyewe, nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka tivii nzima ikageuka maandishi ya lugha nisiyoijua, nikasingizia umeme. Hata sala zangu zilikuwa za nusu nusu. Naanza kuomba, masikio yako sebuleni.

Juzi Mama akaniletea gauni lake la kanisani nilipunguze, linampwaya. Nikawa nampima kiuno, pini mdomoni. Akaniambia nikunje tu kwa ndani, nisikate kitambaa, kwa sababu yeye hatalivaa sana, na mpwa wako ni binti anayekua na umbo kama lake, litamfaa. Alisema hivyo kama mtu anayekuagiza chumvi dukani. Pini zote zikanidondoka.

Mdogo wangu, sasa nikuambie nilichokuficha. Mama hana vidonda vya tumbo kama nilivyokuambia. Ana saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Daktari alisema hawawezi kupasua, watampa dawa za kutuliza maumivu tu. Wewe nilikuficha kwa kuwa ungeacha kazi siku hiyo hiyo. Yeye nilimficha kwa kuwa sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nisamehe.

Aliyesikiliza ni yeye. Aliona sauti mpya, akadhani ni salamu yako, akavuta kiti karibu. Akaniambia maneno ya daktari aliyavumilia, maana mwili ni wake na ulishamwambia mapema. Lakini alipofika mahali ninapoanza kulia, akazima. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti na kumsikiliza mwanawe akilia kama anayesikiliza redio. Halafu akanigombeza kwa kumwambia mchungaji ni vidonda, kwamba sasa kanisa zima limefunga na kuombea ugonjwa ambao siyo. Tukacheka, mdogo wangu, tukacheka mpaka tukashikana.

Nikamwahidi nitatafuta njia ya kuifuta. Akakataa. Anasema nusu iliyobaki ataisikiliza, ila si peke yake. Anataka mimi niwe upande mmoja na wewe, baba yake kama anavyokuita, uwe upande wa pili. Jana na leo amekuwa akiniuliza kama nimeshakuandikia.

Kwa hiyo swali langu la kufuta liache. Ninachoogopa sasa ni kingine. Mimi najua kilichobaki kwenye nusu ile. Nilimuuliza daktari tuna muda gani, naye akanijibu. Sitakiandika hapa, maana sitaki na wewe ukipate ukiwa peke yako. Ila ukiomba ruhusa kazini, usiombe ya mwezi ujao.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na mgongo uukande kwa maji ya moto. Bwana akutangulie njiani. Naomba unijibu upesi.

Ni mimi,
Dada yako