Suruali za Ndani za Marehemu Halvard

Kibandani Storlia,
Rauland, Telemark,
Norwei.
6 Aprili 2015

Mpendwa mdogo wangu Borghild,

Hujambo huko Brisbane? Goti lako linaendeleaje, na shemeji amepona kile kikohozi? Mimi ni mzima, tena mzima kupita wanavyotaka watu fulani. Mapaja yananiuma kidogo, lakini ni maumivu ya raha.

Najua bahasha ya binti yangu Sigrun imeshakufikia, ile yenye karatasi za kuuza kibanda hiki alichokijenga baba. Nusu ni yangu, nusu ni yako, na bila sahihi zetu zote mbili hakiuziki. Amekuandikia kwamba mama amezeeka, kilomita kumi na mbili bila barabara hazimfai tena, na kwamba nimekubali. Sikukubali! Nilisema hivi: Pasaka hii nitafika Storlia nikiteleza thelujini kwa skii zangu mwenyewe, na nikivutwa na pikipiki ya theluji hata hatua moja, nitatia sahihi siku hiyohiyo. Mumewe, Terje, akacheka. "Haya Mama, tumekubaliana."

Basi Sigrun akanunua suruali mbili za kuvaa chini ya suruali ya skii, yangu na ya Terje. Nene, zimejazwa kama mto wa kulalia. "Mama, miaka sabini na nne si mchezo. Vaa hii upate joto." Nikamwambia anayepanda mlima hauawi na kukosa joto, anauawa na jasho lake.

Unamkumbuka mama alivyokuwa akitukagua mlangoni? Sufu kwenye ngozi, nguo ya kuzuia upepo juu, na ukiondoka nyumbani usipohisi baridi kidogo, basi umevaa kupita kiasi. Na pamba alikuwa hataki hata kuiona. Mimi nikavaa zile za marehemu mume wangu Halvard: kwanza ile ya nyavu, ya sufu, yenye matundu ya kupitisha dole gumba, halafu ile nyembamba yenye kiraka gotini. Nyingine kavu nikaikunja ndani ya begi pamoja na machungwa ya Pasaka. Sigrun alipoona nyavu alicheka hadi machozi. "Mama, unakwenda mlimani au kuvua samaki?" Nilimwacha acheke. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tuliondoka Alhamisi Kuu asubuhi, sisi watatu. Terje alitangulia mbio, na kila kona akinigeukia: "Nikuitie pikipiki, Mama?" Nilikuwa nahifadhi pumzi, na kusema kweli nilikuwa na hasira nayo iliniongezea nguvu.

Kwenye mwinuko mrefu uso wa Terje ulikuwa mwekundu na jasho likimtiririka. Tulipotokea uwandani upepo ulikuwa unatungojea. Akaketi ale mkate, na hakuumaliza. Alianza kutetemeka, midomo ikawa ya buluu, vidole vikashindwa hata kufunga zipu. Ile suruali nene ilikuwa imelowa chapa.

Sigrun akatoa simu. "Naita pikipiki!" Borghild, nilijua ikija pikipiki mmoja atapakiwa, na asubuhi wangesema aliyevutwa ni mimi. Lakini nilimwambia, "Asiposimama baada ya dakika kumi, ita. Kibanda si roho ya mtu." Tukaingia wote watatu ndani ya mfuko wa kuzuia upepo, nikamwamuru mkwe wangu avue. Akaona haya. "Mama, mbele yako?" Nikamjibu, "Vua, nimezika mume na kulea watoto wanne, huna kipya." Nikamvisha ile kavu ya Halvard, nikamnywesha juisi moto. Dakika ya nane akasimama. Kilomita tano zilizobaki alizifuata kwenye alama za skii zangu, na hakuuliza tena habari za pikipiki.

Kibandani sheria ya baba ni ileile: afikaye mwisho ndiye anayeandika kwenye daftari la wageni. Nakunakilia neno kwa neno, kwa mkono wa Terje: "Upepo mkali, nyuzi sita chini ya sifuri. Mama mkwe alifika wa kwanza. Mimi nilifika wa mwisho, nikiwa ndani ya suruali ya baba mkwe."

Sigrun bado anasema mwakani nitakuwa na sabini na tano. Ndiyo, na nitakuja. Kwa hiyo mdogo wangu, hiyo karatasi usiitie sahihi, hata wakikulilia. Siuzi. Iwashie jiko lako la kuchomea nyama, kisha uniambie iliwaka vizuri.

Nisalimie shemeji, wanao Ingeborg na Aslak, na wajukuu wote ambao hawajawahi kuona theluji. Mungu akulinde, akuongezee miaka na magoti ya kuimaliza, ili siku moja ulale tena kwenye kitanda chako cha juu hapa. Shuka nimelibadilisha.

Mimi dada yako, nikupendaye na nisiyevutwa,

Gunnvor

Nilisahau: Terje hajairudisha ile suruali. Leo siku ya tano, bado ameivaa.