Siku Tuliyobandua Vitambaa kwenye Motokaa

Baba Tekla, mume wangu,

Leo asubuhi motokaa ya yule Mjerumani wa shamba la katani imepita hapa Mwembesongo, watu wakatoka kuitazama. Mimi niliendelea kuanika mihogo. Lakini nilikukumbuka, na kwa kuwa tangu tukuzike sijakuambia neno, naona nikuandikie.

Unakumbuka ilivyoletwa kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mikanda ya shaba iliyozunguka milango ilikuwa imefunikwa kwa vitambaa vyenye gundi, isije ikaliwa na chumvi ya baharini. Kwa lile jua la stesheni gundi ilikuwa imekauka kama kucha. Wewe ulikuwa mtunza gari wa bwana huyo, mimi dobi wa nyumba yake. Tulikuwa tumeoana, lakini tulizungumza kama watu waliokutana njiani.

Ulijaribu kubandua kwa vidole, kitambaa kikachanika. Ukaja mlangoni kwangu.

"Hiyo pasi bado ina moto?"

"Ina moto. Nitaishika mwenyewe."

Tukatandaza kitambaa kibichi juu ya gundi, mimi nikapitisha pasi juu juu, wewe ukavuta polepole, kidogo kidogo. Gundi iliyobaki uliisugua kwa mafuta ya nazi mpaka shaba ikang'aa. Ukacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yako yote.

Tulipofika mlango wa mwisho akaja mnyapara na haraka zake, eti bwana anataka kutoka. Akachomeka kisu chini ya kitambaa, akavuta kwa nguvu. Rangi ya mlango ikatoka nacho, kipande kama kiganja. Bwana alipotokea, mnyapara akaninyooshea kidole.

"Pasi ya huyu mwanamke imeunguza."

Nikasema, "Ni kisu, bwana." Hakuna aliyenitazama.

Wewe ukasema, "Pasi nilishika mimi. Yeye aliileta tu."

Ukachapwa viboko hamsa ishirini palepale, kando ya gari. Kila kiboko nilikiona. Sikufumba macho.

Kesho yake mjomba wangu akashuka kutoka Matombo, mlimani, kunirudisha kwetu. Sote tulijua anakuja, maana kwetu walikwisha kusikia kwamba tunaishi kama wageni. Wewe mwenyewe ulikwisha kuniambia, ukitaka kwenda, nenda. Alikukuta umelala kifudifudi, mimi nakukanda mgongo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mizigo yako iko wapi?"

"Sijafunga."

"Utafunga saa ngapi?"

"Sifungi, mjomba."

Akanywa uji, akaondoka. Wewe ulikuwa umejifanya umelala. Halafu ukauliza, bila kugeuka, "Kwa nini?"

Nikakujibu, "Nyamaza, maji yanapoa."

Hukuuliza tena. Tukalima, tukampata Tekla, ukaugua kifua, ukafa. Ndugu zako walitegemea nilie zaidi. Sina machozi mengi, unanijua. Mchana nafanya kazi, jioni napika, na siku zinakwenda.

Tekla anatembea sasa. Ana paji lako la uso. Mjomba ametuma mtu kunichukua, na safari hii nitapanda naye mlimani, kwa kuwa shamba la mama lipo huko na mtoto lazima ale. Nimemwomba kaka yako alifyeke kaburi lako kila masika.

Kabla sijaondoka, acha nilijibu lile swali lako la siku ile. Sikukuonea huruma, na hukuwa na deni kwangu wala mimi kwako. Nilibaki kwa sababu nilitaka kuishi na wewe.

Pumzika.

Mkeo,
mama Tekla