Mama Mdogo na Wimbo wa Saba

Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Karakana ya Matairi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Nyuzi,

Salamu nyingi, na kabla sijasema lolote nijibu kwanza: hujambo? Unakula? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukiwaambia watu ndiyo sauti ya kazi? Sisi huku tu wazima wa kuamka na kulala. Goti langu linalalamika nikikanyaga cherehani, shemeji yako ana mafua ambayo sasa tumeyazoea kama mpangaji, na mvua imekataa kwenda kwao. Ya Mama nitayasema mbele, usiyarukie.

Mzigo wako ulifika, asante sana. Santuri ni nzuri, nyeusi, inang'aa kama sinia jipya. Ila ndugu yangu, umetutumia santuri kwenye nyumba isiyo na gramafoni. Tuliigeuza mikononi, tukainusa, tukapeana. Mwisho Mama akasema iwekwe juu ya kabati, iegemee ukuta, picha yako itazame mlango. Ipo hapo mpaka leo. Umekonda kwenye hiyo picha, au labda ni kivuli cha kofia.

Aliyetuokoa ni shemeji yako. Alizipata nyimbo zako kwenye simu, akaenda kuazima spika kwa kinyozi aliyefungua kibanda pale kona, mtu mgeni mtaani, tunamwita Daktari wa Vichwa. Kinyozi akakubali kwa sharti moja, naye arushiwe nyimbo hizo azipige dukani kwake. Lishike hilo sharti, maana ndilo lililotuletea balaa.

Tulikaa kuisikiliza albamu nzima Jumamosi moja mchana. Nilifunika cherehani, nikasogeza vitambaa vya wateja, nikakaa kama mgeni kwenye chumba changu mwenyewe. Kwa kweli, wewe mtoto unapiga gitaa. Nalisema hili mara moja, usizoee. Wimbo wa kwanza ulinitisha, ngoma na gitaa vinaingia pamoja kama mabati yanayoshushwa kwenye lori, nikadhani tumeshapasua spika ya watu. Wa pili ukatulia kidogo. Lakini ule wa nne, usio na maneno, unapoburuza kipande cha chupa juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu mzima anayejizuia, niliinuka nikajifanya natafuta mkasi. Mkasi nilikuwa nao mkononi.

Neno moja la ufundi, maana sote wawili tunakula kwa nyuzi. Mbona kila mstari unaurudia? Unasema jambo, halafu unalisema lile lile tena, kama mwalimu wa imla. Shemeji yako, ambaye ghafla amekuwa mtaalamu, ananiambia ndivyo huu muziki wenu wa bluzi ulivyo: mara ya kwanza unalia, mara ya pili unahakikisha kwamba umelia, ndipo mstari wa tatu ulete jibu. Haya. Mimi nikirudia mshono mara mbili mteja ananiuliza kama nimelewa.

Sasa Mama. Masikio yake yanakwenda. Sikukuandikia mapema kwa sababu kwanza tulidhani ni mafua, kisha tukadhani ni ubishi, maana unamjua, tangu zamani hujibu swali analolitaka yeye. Halafu siku moja sufuria iliungua jikoni, kifuniko kinarukaruka na kupiga kelele, na yeye amekaa hapo hapo anachambua maharage. Nikampeleka kwa daktari wa masikio.

Daktari alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Nikamjibu mimi: dobi, chumba cha kufulia cha hospitali, zamu za usiku, zile mashine kubwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Alisema sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, nzito hubaki nyuma kidogo, na sikio la kushoto litachelewa kuliko la kulia. Nilimuuliza litachelewa mpaka lini. Akasema mwaka huu bado atapata kitu, mwakani yeye haahidi. Akampa kifaa cha kuvaa. Mama anasema kinampigia mluzi kama mhuni wa barabarani, amekifungia kwenye kopo langu la vifungo.

Siku hizi anatazama midomo. Hakufundishwa na mtu. Anakaa dirishani na kunisimulia wanayosemezana watu ng'ambo ya barabara, na baadhi ya mambo hayo heri nisingeyajua. Ukizungumza naye usigeuze uso, wala usile huku unaongea.

Kwa hiyo tulipokuwa tunakusikiliza, maneno yako hayakumfikia. Alichokipata ni ngoma, besi na zile nyuzi nene. Aliweka kiganja juu ya spika akafumba macho, na katika nyimbo zako zote akachagua mmoja, wa saba. Baada ya hapo akawa anauomba kila siku. "Niwekee ule mzito." Namwekea. Mguu wake unapiga sakafu taratibu, kichwa kinakwenda na kurudi, na mimi nimekaa na pini mdomoni najua anachokitikisia kichwa. Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Wewe unajua unavyoanza, lakini niache niuandike, maana kwenye karatasi una uzito mwingine:

Mama nimefika, udongo umetangulia,
Mama nimefika, udongo umetangulia,
Kiti chako kimenipa mgongo, nani atanipokea?

Mimi nilijua papo hapo kwamba ni Mama Mkubwa. Katika sisi nani asingejua? Alikuchukua ukiwa hujaacha kunyonya kidole, Mama alipoanza zamu za usiku. Ilisemwa ni kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa, na mambo hayakukaa. Kwake ndiko ulikokulia, yeye ndiye aliyekununulia gitaa, yeye ndiye uliyemwita Mama. Na Mama mwenyewe, kwa kuwa ni mdogo wake, ukamwita Mama Mdogo. Siku ulipokuja kututembelea ukalitamka mara ya kwanza tulicheka mpaka machozi, na Mama alicheka pamoja nasi. Hukuwa na kosa. Ulikuwa mtoto, na hesabu yako ya ukoo ilikuwa sahihi kabisa: mdogo wake mama ni mama mdogo. Ila hukuja kuibadili hata ulipoota ndevu, na sisi hatukukusahihisha, tukaendelea kucheka kwa mazoea.

Rudi sasa kwa kinyozi. Jumatano asubuhi nampima mteja kiuno, nikaona Mama anakwenda kufungua mlango. Daktari wa Vichwa amesimama kwenye mvua, kofia mkononi, uso umemshuka. Amehama kwao juzi tu, anamjua shemeji yako peke yake, Mama hajawahi kumtia machoni.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuwapa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba. Wa mama yao. Mama yake huyu kijana wa gitaa. Nimeusikia ule wimbo, mama, nimeshindwa hata kumaliza kichwa cha mtu."

Ana sauti nene yule bwana, kama ya pipa tupu, na midomo mipana. Hakuna neno lililompotea Mama. Akamtazama juu mpaka chini.

"Mama yake ni mimi," akasema. "Ingia ndani, unalowa."

Mteja wangu alicheka mpaka pini zikamchoma. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, maana ungemwona kinyozi wa watu anavyotafuta ardhi ipasuke aingie. Tukampa chai, akaimeza ya moto yote kwa mkupuo mmoja ili aondoke. Alipotoka, na mteja naye akaenda zake, Mama akakaa kwenye kiti chake akaniita. Akasema nimwambie maneno ya wimbo.

Ndugu yangu, hujawahi kupewa kazi kama ile. Nilipiga magoti kando ya kiti, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, nikampigia kelele mama yangu mzazi wimbo wa kumlilia mama aliyekufa. Mama nimefika, udongo umetangulia. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Angalau hapo nikaona faida ya mistari yenu. Nilipofika kwenye nani atanipokea, alinishika mkono ninyamaze.

Nilidhani atasema umemzika akiwa hai. Hakusema. Alisema, "Huyo ni dada yangu. Alistahili wimbo. Kulea mimba si kazi." Nusu nyingine ya methali hakuimalizia, na hakuna asiyeijua.

Kisha, wakati nimeshainuka kwenda kuweka sufuria motoni, akasema mgongoni kwangu, "Lakini anauliza nani atampokea. Mimi nilitandika kitanda."

Alitandika kweli. Ulifika msiba wa Mama Mkubwa umekwisha, kaburi limeshafunikwa, ukaenda moja kwa moja kulala nyumba ya Mama Mkubwa, peke yako, na ufunguo wake, halafu ukarudi kwenye maonyesho yako. Najua ulikuwa umevunjika. Lakini kitanda chako kilikuwa hapa, shuka ya maua, mto mpya nilioushona mimi kwa mkono kwa sababu cherehani iligoma. Kilikaa hivyo hivyo kimetandikwa mpaka nikaiondoa shuka nikaifua, ingawa hakuna aliyeilalia. Nilikasirika siku ile na nimekasirika tena sasa. Sikufichi, sisi si watu wa kufichana.

Na kuna lile jalada la santuri. Nyuma umeandika shukrani: kwa Mama, aliyeninunulia gitaa la kwanza, pumzika, asante pia kwa Mama Mdogo na wote nyumbani. Macho ya Mama ni mazima, alizisoma mwenyewe siku ile ile mzigo ulipofika. Wageni wakija huishusha kabatini awaonyeshe kazi ya mwanawe, na nilikuwa nikiona tu anavyoishika vibaya, karibu kuidondosha. Juzi ndipo nilipoangalia vizuri. Huliweka dole gumba juu ya mstari huo wa shukrani.

Wimbo wenyewe bado anauomba. Nilifikiri baada ya kujua maneno atauacha, lakini jana tu ameniambia nimwekee ule mzito, akaweka kiganja juu ya spika kama kawaida. Ila mguu haupigi tena.

Kuhusu mimi hakuna jipya. Nina sare za shule moja za kumaliza kabla ya muhula, na kitambaa walicholeta ni kibaya, kinachanika ukikitazama. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema wimbo wa nne angeupiga siku nzima kama nisingekuwapo. Kinyozi anakusalimu kwa aibu, spika hajairudia wala hatumkumbushi. Fundi wa matairi anasema wimbo wa kwanza unamfanya akaze nati kupita kiasi, upunguze ngoma.

Najua wewe, ukimaliza kusoma hapa utachukua gitaa umtungie Mama wimbo wake. Usitunge. Albamu hii imekuchukua miaka, na masikio ya Mama hayana miaka. Hata simu usipige, anasikia mvumo tu, anaitikia ndiyo ndiyo, akikata anaulizia ulikuwa unasema nini, na mimi nabuni. Njoo. Omba ruhusa, ahirisha onyesho, danganya umeumwa, kitanda nimekitandika leo asubuhi kwa shuka ile ile.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kwa upande wake. Alifikiri, akasema, "Mwandikie Mama Mdogo wake anamsalimu." Hakuwa anatania. Nilikataa kuliandika hivyo, tukabishana, na kwa kuwa kalamu ninayo mimi, naandika hivi: Mama yako anakusalimu.

Ukifika usimpigie gitaa kwanza. Kaa mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, umwite. Atakuwa anatazama midomo yako. Katika neno Mama midomo hugusana mara mbili tu, nimelijaribu kwenye kioo. Ikigusana mara ya tatu atajua ni Mdogo linalokuja, na atatabasamu kama anavyotabasamu siku zote. Basi ishia kwenye ya pili.

Mungu akushike njiani, akupe afya ya kifua na wepesi wa vidole.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,
Fundi wa Mlango wa Bluu.